Nani Anabeba? Sinema za Majasusi na Historia ya Kisangani

Mwaka 1968, nikiwa na miaka 12, nilikata kikonyo cha jani la mpapai nyuma ya nyumba yetu huko Mangobo, Kisangani, nikateremka nacho mpaka mto Tshopo. Juma lile tulikuwa tumeona sinema ya majasusi. Mtu anawindwa, anajitosa mtoni, analala chini kabisa na kuvuta pumzi kwa mwanzi, huku maadui wakipita ukingoni bila kumwona. Mimi na binamu zangu wawili tulitaka kujua kama jambo hilo linawezekana.

Nilipochuchumaa uso ukazama kidogo tu, niliweza. Nilipokwenda chini zaidi, kifua kilikataa. Kikonyo kilikuwa wazi na hewa ilikuwapo, lakini mbavu hazikufunguka. Nikaibuka nikikohoa, macho mekundu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa karibu akifunga mtumbwi wake. Hakunichapa. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini, nikamweleza, naye akasema, "Mwanangu, maji yana uzito. Usirudie peke yako."

Baadaye nikawa mwalimu wa fizikia, na kila mwaka niliandika jambo hilo ubaoni. Kina cha mita 1, maji yanakandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu ya nyutoni 10,000 hivi. Upande wa mbele wa kifua cha mtu mzima, hiyo ni sawa na kumlaza chali kisha mtu mwingine mzima akamkalia. Misuli ya kupumulia haina nguvu ya kumwinua mtu huyo mara 15 kwa dakika. Mwanzi unafaa kwa kina kidogo tu. Jasusi wa ile sinema angekufa au angeibuka.

Nimefundisha miaka 34 katika mji huu. Sinema zilibadilika, zikaja kanda, zikaja simu, ila swali la wanafunzi lilibaki lilelile: "Mwalimu, ile inawezekana?" Niliwafundisha kujibu kwa maswali matatu. Kitu hicho kina uzito gani? Kinachukua muda gani? Nani anakibeba? Maswali mawili ya kwanza yamo katika kitabu cha fizikia. La tatu nililipata katika historia ya Kisangani, kwa sababu mji wetu umeona ujasusi wa kweli na hila za vita za kweli, na hata sinema yenyewe imepigwa hapa jirani.

Nianze na chombo cha zamani kuliko vyote. Mwezi Januari 1877 Henry Morton Stanley alishuka na mitumbwi yake kupitia maporomoko yetu, yale tunayoyaita leo Boyoma. Njia nzima ngoma zilimtangulia. Alipofika kijijini, watu walikuwa wameshajua kuwa anakuja. Miaka kumi baadaye, 1887, mfanyabiashara Tippu Tip akawekwa kuwa gavana wa kituo cha maporomoko, na Kiswahili tunachosema hapa kilikita mizizi pamoja na misafara ya siku zile. Ngoma ziliendelea kulia pembeni mwa wageni wote hao, nao hawakuelewa neno.

Mjomba wangu alikuwa Mlokele wa upande wa Yakusu, chini ya mto, na alijua kupiga lokole. Ni gogo la mti mgumu lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Wenyewe huita sauti moja ya kiume na nyingine ya kike. Hakuna ngozi, hakuna waya. Lakini Kilokele ni lugha ya toni, na ngoma haitoi ishara za kubuni. Inasema lugha yenyewe kwa toni zake.

Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Yakusu mwaka 1938, alilitambua hilo kwa njia ambayo wanafunzi wangu waliipenda. Alikwenda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa, akakuta mwalimu, msaidizi wa mganga na waumini wamekusanyika wanamsubiri. Ngoma ilikuwa imewaambia. Akajifunza kupiga, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuhusu ngoma zinazosema. Alieleza kwamba katika Kilokele maneno *alambaka boili* yakitamkwa kwa toni moja yana maana ya kuwa mtu alitazama ukingo wa mto. Toni zikibadilika, maana yake ni kuwa alimchemsha mama mkwe wake. Neno *lisaka* lina maana tatu kulingana na toni: dimbwi, ahadi, na sumu.

Hapo mhandisi yeyote angeona tatizo. Ngoma inabeba toni tu, inaacha konsonanti na irabu. *Songe* ni mwezi, *koko* ni kuku, *fele* ni aina ya samaki, na yote matatu yana toni za juu mbili. Msikilizaji aliye mbali atajuaje? Mababu walitatua tatizo hilo kabla dunia haijawa na simu. Mpigaji hatumi neno peke yake, analifungia katika fungu refu: si mwezi tu bali mwezi unaoitazama nchi kutoka juu, si kuku tu bali yule mdogo anayelia namna fulani. Fungu likiwa refu, ni vigumu toni zake kufanana na za fungu lingine. Hata sauti ikipotea njiani kwa upepo, mafungu yaliyobaki yanatosha kuelewa. Leo wahandisi wa simu na kompyuta hufanya jambo hilohilo wanapoongeza alama za ziada kwenye ujumbe ili makosa ya njiani yajulikane.

Uzito je? Ngoma kubwa haihami, sauti ndiyo inayosafiri. Muda je? Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, basi kilomita 10 ni nusu dakika. Mjomba alisema habari nzito hupigwa alfajiri au usiku, na fizikia inakubali: usiku hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko ile ya juu, na sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini, ikateleza juu ya mto mpaka kijiji kingine. Na nani anabeba? Watu wote. Kijiji kimoja kinasikia na kupokeza kingine. Siri ya lokole haikukaa ndani ya gogo, maana kila mtu aliweza kuisikia. Ilikaa ndani ya lugha, na lugha hiyo ilikuwa mali ya watu waliokua nayo tangu utotoni. Mgeni angeweza kuiba ngoma asiibe hata neno moja.

Twende sasa kwenye vita. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa na nguvu kwenye ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli Hedwig von Wissmann na Kingani, na walikuwa wakiunga Kigoma meli kubwa Graf von Götzen, iliyokuwa imejengwa Papenburg, ikavunjwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuletwa kupitia Dar es Salaam. Waingereza wakakubali wazo lililosikika kama la sinema: kupeleka boti mbili za kivita kwa siri, kutoka London mpaka ziwani, kupitia nchi kavu. Boti ziliitwa Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson.

Je, inawezekana? Zilikwenda kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume huko Katanga, kisha reli ikaisha. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba. Matrekta ya mvuke yalizivuta, yaliposhindwa wakafungwa ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa wakavuta watu kwa kamba. Njia ilikatwa msituni na Wakongo, madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo, na wanawake walibeba maji vichwani kuyanywesha matrekta. Kutoka Sankisia reli nyingine iliwafikisha Bukama, na hapo boti zikashushwa kwenye Lualaba, mto wetu huuhuu ambao ukifika Boyoma unaitwa Kongo. Ilikuwa kiangazi, maji machache, basi zikafungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi. Pipa la lita 200 lililozama huinua karibu kilo 200, ukitoa uzito wa pipa lenyewe. Hesabu hiyo ilizivusha kwenye mchanga mpaka Kabalo, na reli ya mwisho ikazifikisha ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama.

Götzen haikuzamishwa na boti hizo. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoikimbia Kigoma, wakiwa wamepaka mashine zake grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, meli ambayo watu wa Kigoma na Kalemie wanaijua vizuri.

Kutokana na habari hizo C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaja kuitengeneza sinema, The African Queen. Sehemu yake ilipigwa katika eneo la Ponthierville, leo Ubundu, kusini mwa mji wetu, kwenye mto mdogo uitwao Ruiki karibu na Biondo. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanacheza watu wawili wanaoshuka mtoni na boti mbovu, wanatengeneza topido kwa mitungi ya oksijeni ili kuipiga manowari ya Wajerumani. Wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa kama majasusi, na wakati huohuo manowari inaigonga boti yao iliyopinduka, topido zinalipuka, wao wanaokoka wakiogelea.

Wanafunzi wangu walikuwa wakishangilia hapo, kisha tunakaa kuhesabu. Mitungi miwili ya chuma puani mwa boti ndogo inaiinamisha mbele kabla haijakutana na dhoruba. Boti ikipinduka, kila kilichofungwa puani kinaelekea upande mwingine, na baruti iliyoloana haina tena uhakika. Ili yote yatokee kama tulivyoona, meli kubwa ingepaswa kugonga mahali palepale, kwa pembe ileile, ziwa zima likiwa wazi. Haikatazwi na sheria yoyote ya maumbile, lakini mtu asiweke maisha yake juu yake. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko sinema: katika riwaya shambulio linashindwa, na manowari inazamishwa na boti za jeshi la Waingereza.

Marehemu baba alikuwa kijana mwaka ule, na alikwenda Biondo kukata miti ya kambi ya wapiga sinema. Alichokumbuka si Bogart. Alikumbuka jenereta, taa, kamera nzito na nyaya ndefu, vyote juu ya chelezo kikielea mtoni, na watu wakivuta kamba. Boti ya sinema ilizama wakati wa kazi, ikabidi ivutwe tena juu kwa mikono. Zile sehemu ambazo Bogart anaingia majini kuvuta boti matopeni zilipigwa kwenye birika la studio huko Uingereza, kwa kuogopa magonjwa ya maji yetu. Kwenye skrini unaona watu wawili peke yao katika mto usio na mtu. Baba alikuwapo, pamoja na wenzake wengi, hatua chache nje ya picha.

Kisha ikaja miaka ambayo ujasusi haukuwa hadithi. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta katika mji huu, akawa waziri mkuu Juni 1960, na Septemba akaondolewa. Mwezi huohuo mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville, yaani Kinshasa, akiwa na sumu ya kumuua Lumumba, iliyotengenezwa makusudi ifanane na ugonjwa wa kawaida wa Afrika. Mambo haya yalifichuliwa na kamati ya baraza la seneti la Marekani mwaka 1975, na mkuu wa kituo cha CIA wa wakati ule, Larry Devlin, alikuja kueleza kwamba sumu iliwekwa pia katika dawa ya meno.

Kifaa hiki ni cha sinema kabisa, na maabara iliweza kukitengeneza. Tatizo halikuwa sayansi ya sumu. Sumu ya vijidudu hudhoofishwa na joto na siku zinazopita, nayo lazima ifike kinywani mwa mtu mmoja tu katika nyumba iliyozungukwa na walinzi. Nani angeibeba? Waliitafuta njia ya kumfikia, wakakosa mkono wa kuaminika wa kuingia chumbani kwake. Kwa ushahidi uliotolewa, sumu iliishia kutupwa katika mto Kongo.

Lumumba hakuuawa na dawa ya meno. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka katika mvua akielekea hapa, wakati huo Stanleyville, kwa wafuasi wake. Alikamatwa kwenye mto Sankuru, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga kwa risasi, na watu waliojulikana kwa majina na vyeo, Wakongo na Wabelgiji. Huwa nawaambia vijana: chombo cha siri kilishindwa, na lililowezekana ni jambo rahisi la zamani, watu kumkabidhi mtu kwa adui zake.

La mwisho nililisikia kwa masikio yangu. Waasi walioitwa Simba waliuteka mji Agosti 1964, wakawashika wageni mateka. Wafanyakazi wa ubalozi mdogo wa Marekani walijifungia siku ya kwanza katika chumba cha mawasiliano chenye mlango wa chuma, risasi zikigonga nje. Mlango ulihimili, na bado waliishia kuwa mateka kwa zaidi ya miezi mitatu. Tarehe 24 Novemba, saa kumi na mbili alfajiri, nilikuwa na miaka 8 chini ya kitanda cha mama. Ndege za C-130 za Marekani zilipita chini, mlio wake ukatikisa vikombe. Makomando wa Ubelgiji zaidi ya 300 waliruka kwa miavuli juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi.

Kuruka vile kunawezekana, na fizikia yake ni safi. Kamba iliyofungwa ndegeni hufungua mwavuli yenyewe. Anayeshuka mita 5 kwa sekunde kutoka mita 200 yuko hewani sekunde 40 tu. Lakini kutoka uwanjani mpaka mjini ni barabara ya kilomita kadhaa, ya kwenda kwa miguu na kwa magari yaliyopatikana palepale. Mateka walitolewa katika hoteli ya Victoria, wakakalishwa barabarani, na wakapigwa risasi kabla askari hawajafika. Walikufa kadhaa, miongoni mwao daktari Paul Carlson, na mamia wengine wakaokolewa. Sinema ingekata picha pale miavuli inapofunguka. Sisi tulibaki na yaliyofuata: maelfu ya Wakongo waliouawa mjini na vijijini, na Simba kabla ya siku ile, na majeshi baada yake. Majina ya wageni yaliandikwa magazetini dunia nzima. Majirani zetu wa Mangobo walizikwa bila kuandikwa popote.

Baada ya kupima haya yote, hukumu yangu ni hii. Vifaa vingi vya majasusi vinawezekana kuliko tunavyodhani. Sumu ilitengenezwa, boti zilivuka milima, watu walianguka kutoka angani wakatua wazima. Kisichowezekana ni mtu mmoja kuyafanya peke yake. Boti Mimi na Toutou zilibebwa na watu ambao hakuna sinema inayowataja. Sumu ya Kinshasa ilikosa mkono mmoja, ikawa uchafu wa mtoni. Na chombo kilichodumu kuliko vyote, kilichofanya kazi kwa vizazi bila kuua mtu, ni gogo lililochimbwa, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na watu wote wa lugha moja.

Mjomba alifariki nikiwa ninasoma chuo. Kila Mlokele wa kizazi chake alikuwa na jina la ngoma, lenye jina la baba yake ndani yake, ili aitwe kutoka mbali asikosewe. La kwake nililisikia mara nyingi na sikuliandika. Wewe unayesoma, kama una mzee wa Yakusu, Isangi au Yanonge nyumbani, nenda kwake juma hili. Mwombe akupigie jina lake la ngoma, hata kwa vidole juu ya meza. Lirekodi kwa simu yako, andika na maana yake. Kazi hiyo inawezekana, haina uzito, inachukua dakika chache, na wa kuibeba ni wewe.